Sumaku na Umeme: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hurudi kila muhula, na hayatoki kwa wanafunzi peke yao. Huletwa na mzazi anayesaidia kazi ya shule usiku, fundi wa redio wa Luthuli Avenue hapa Nairobi, mama aliyenunua jiko jipya likakataa sufuria zake, na mpangaji ambaye dirisha lake linatazamana na transfoma. Si lazima usome kwa mpangilio. Ukiwa na haraka, anza na swali la 7, maana nusu ya mengine yanalitegemea.

## Misingi

1. Sumaku ni nini hasa?

Ni kitu kinachovuta chuma bila kukigusa, na kinachoweza kuvuta au kusukuma sumaku nyingine. Kila sumaku ina ncha mbili, ya kaskazini na ya kusini. Zinazofanana husukumana, zilizo tofauti huvutana. Eneo linaloizunguka ambamo nguvu hiyo inahisiwa huitwa uga wa sumaku.

Uga hauonekani kwa macho, lakini unaweza kuuona ukijichora. Toa sumaku kwenye spika mbovu, iweke chini ya karatasi, kisha nyunyiza juu yake vumbi la chuma linalodondoka chini ya grainda ya fundi wa kuchomelea. Gonga karatasi kidogo kwa kidole. Vumbi linajipanga katika mistari iliyopinda, likisongamana pale nguvu ilipo kubwa. Ukikosa vumbi la fundi, buruta sumaku kwenye mchanga ulioachwa na maji ya mvua kando ya barabara. Chembe nyeusi zitakazoning'inia nyingi ni magnetaiti, madini ya chuma yanayopatikana kwa wingi kwenye udongo wenye asili ya volkano. Ifunge kwa karatasi kwanza, la sivyo utazichokoa chembe hizo mpaka uchoke.

2. Kwa nini inanasa msumari lakini hainasi sufuria ya alumini?

Katika joto la kawaida, metali tunazokutana nazo zinazonaswa ni chuma, nikeli na kobalti, pamoja na michanganyiko yake. Alumini, shaba, dhahabu, fedha, risasi na zinki hazinaswi.

Sababu iko ndani ya atomu. Kila elektroni ni sumaku ndogo mno. Katika atomu nyingi elektroni hukaa kwa jozi, kila moja ikifuta nguvu ya mwenzake. Katika chuma zipo zisizo na mwenza, na juu ya hayo atomu za jirani huelekea upande mmoja na kuunda makundi yanayoitwa domeni. Msumari wa dukani una domeni zilizotazama huku na huku, kwa hiyo wenyewe hauvuti kitu. Ukiusogeza karibu na sumaku, domeni zinageuka kwa pamoja na msumari unakuwa sumaku ya muda. Hapo ndipo unanaswa.

Vijiko na sufuria za chuma kisichoshika kutu huwachanganya wengi, kwa sababu vingine vinanaswa na vingine havinaswi hata kidogo. Vyote vina chuma ndani. Tofauti ni mpangilio wa atomu, ambao hubadilika hasa nikeli ikiongezwa. Usimwamini muuzaji anayekwambia kisichonaswa ndicho "orijino".

3. Nikikata sumaku katikati nitapata ncha moja moja?

Hapana. Utapata sumaku mbili ndogo, kila moja na ncha zake mbili. Kata tena, hali ni ileile, hata ufike kwenye elektroni moja. Wanafizikia wameitafuta ncha iliyo peke yake kwa miaka mingi na hawajaipata.

4. Sumaku huisha nguvu?

Haiishi kwa kutumiwa. Inaweza kushikilia karatasi kwenye friji miaka 20 na isipungukiwe, kwa sababu kushikilia kitu kilichotulia hakutumii nishati. Kinachoiharibu ni joto, kupigwapigwa, na uga mkali wa sumaku nyingine. Chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi 770 za Selsiasi. Sumaku za neodimi, zile ndogo zinazong'aa na kubana vidole, huanza kudhoofika mapema zaidi: aina za kawaida hazitakiwi kupita nyuzi 80. Pia huvunjika kama kigae zikigongana.

5. Ikiwa ncha ya kaskazini ya dira huvutwa kuelekea kaskazini, huko kaskazini kuna ncha gani?

Ncha ya kusini ya sumaku ya dunia. Majina tu ndiyo yaliyopishana. William Gilbert, tabibu Mwingereza, ndiye aliyeeleza mwaka 1600 kwamba dunia yenyewe ni sumaku. Hata hivyo, usifikirie jabali kubwa la sumaku limezikwa huko chini. Kiini cha dunia kina joto kali mno kwa sumaku ya kudumu (swali la 4). Uga wa dunia unatokana na mikondo ya umeme ndani ya chuma kilichoyeyuka kinachotembea kwenye kiini cha nje, jambo linalotupeleka moja kwa moja kwenye swali linalofuata.

## Sumaku inapokutana na umeme

6. Sumaku na umeme vina uhusiano gani?

Mkondo wa umeme huzaa uga wa sumaku. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mwalimu wa fizikia huko Copenhagen, aliona sindano ya dira ikigeuka waya uliokuwa karibu ulipopitishwa umeme. Mwaka huohuo, André-Marie Ampère wa Paris akaonyesha kwamba nyaya mbili zenye mikondo inayoelekea upande mmoja huvutana, na zenye mikondo inayopingana husukumana. Hakukuwa na kipande chochote cha sumaku kwenye jaribio hilo. Ni nyaya tu.

Unaweza kurudia jaribio la Ørsted mezani. Weka waya juu ya dira, sambamba na sindano, kisha gusisha ncha za waya kwenye betri moja ya tochi kwa sekunde moja. Sindano itageuka kuukingama waya. Geuza betri, sindano itageukia upande wa pili. Kuukumbuka mwelekeo ni rahisi: mkono wa kulia, kidole gumba kielekee mkondo uendako, na vidole vilivyokunjwa vitaonyesha uga unavyouzunguka waya.

Sumaku ya kudumu nayo, isiyo na waya wala betri, nguvu yake inatoka kwa elektroni, zilezile ambazo zikitembea ndani ya waya tunaziita mkondo wa umeme. Katika miaka ya 1860 James Clerk Maxwell aliviandika vyote viwili katika milinganyo ya pamoja, na tangu hapo hakuna mwanafizikia anayevihesabu kuwa vitu viwili.

7. Nikiweka sumaku karibu na waya nitapata umeme?

Hapana. Sumaku iliyotulia kando ya waya uliotulia haitoi kitu, hata ikiwa na nguvu ya kuinua gari. Kinachozaa umeme ni mabadiliko: sumaku isogee, au waya usogee, au nguvu ya uga ipande na kushuka.

Aliyelithibitisha ni Michael Faraday, London, mwaka 1831. Alipoingiza sumaku ndani ya koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, sindano ya kifaa cha kupimia umeme iliruka. Alipoiacha sumaku imetulia humo ndani, sindano ilirudi sifuri. Alipoichomoa, iliruka upande wa pili. Volteji huongezeka ukisogeza kwa kasi zaidi, ukitumia sumaku yenye nguvu zaidi, au ukiongeza mizunguko ya koili.

Kuna upande wa pili ambao mitihani huuliza na watu husahau. Mkondo unaozaliwa huunda uga wake, na uga huo hupinga mwendo uliouzaa. Heinrich Lenz ndiye aliyeiweka kanuni hii mwaka 1834. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dinamo anaijua kwa miguu: ukiwasha taa, pedali zinakuwa nzito papo hapo. Umeme wa taa unalipiwa na mapaja yako. Shikilia jambo hili mpaka swali la 19.

8. Nitatengenezaje sumaku ya umeme nyumbani?

Tafuta msumari wa inchi 4, betri moja ya volti 1.5, na mita mbili tatu za waya mwembamba wa shaba. Fundi wa kusuka mota huwa na vipande vya waya huo anavyovitupa, muombe. Zungusha waya kwenye msumari kama mara 100, daima kuelekea upande mmoja, ukiacha ncha mbili huru. Unganisha ncha kwenye betri, kisha sogeza msumari kwenye pini za ofisi.

Isipofanya kazi, karibu kila mara tatizo ni moja. Waya wa kusukia unaonekana mtupu, kumbe umepakwa vanishi ili mizunguko isigusane. Kwangua ncha zote mbili kwa wembe au msasa mpaka rangi ya kahawia iliyoiva itoke na shaba ya waridi ionekane pande zote. Ukikwangua upande mmoja tu, utakuwa unapata na kukosa na kuilaumu betri.

Usiunganishe zaidi ya sekunde chache kila mara. Hapo umeme hauna kizuizi cha maana, na waya pamoja na betri hupata moto haraka. Ukiachia, pini zitadondoka, lakini moja au mbili huenda zikabaki, kwa kuwa domeni za msumari hazirudi zote mahali pake (swali la 2).

Waya huu usichomekwe kwenye soketi ya ukutani kamwe. Huko kuna volti 240, zinazotosha kuua.

9. Mota na jenereta zina tofauti gani?

Kimsingi ni mashine moja inayoendeshwa kinyumenyume. Ipe umeme, itazunguka: hiyo ni mota. Izungushe, itatoa umeme: hiyo ni jenereta. Chukua mota ndogo ya gari la kuchezea, unganisha kipima volti, zungusha ekseli yake kwa vidole na utaona namba zinaruka.

Pikipiki na mabasi ya umeme yaliyoanza kuzoeleka barabarani Nairobi hutumia siri hiyo. Ukipanda kuelekea Ngong, betri inalisha mota. Ukiteremka na kuachia mafuta, kama tunavyosema bado ingawa mafuta hayapo, magurudumu yanazungusha mota nayo inarudishia betri sehemu ya nishati. Ule mvuto wa nyuma anaousikia dereva ni kanuni ya Lenz ikifanya kazi ya breki. Kinachorudi hakifikii kilichotumika kupandia.

10. Kwa nini kila spika ina sumaku?

Kwa sababu ni mota inayokwenda mbele na nyuma badala ya kuzunguka. Koili nyepesi imegundishwa kwenye karatasi ya spika na kukaa ndani ya uga wa sumaku. Mkondo wa muziki ukibadilika, koili inasukumwa na kuvutwa, karatasi inatikisika na hewa nayo. Maikrofoni nyingi za jukwaani ni hayohayo kinyumenyume.

## Stima ya mtaani

11. Stima ninayotumia Nairobi inatoka kwenye sumaku?

Nyingi, ndiyo. Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke unaochimbwa ardhini huzungusha tabo, gurudumu la mapanga linaloendesha jenereta. Kwenye mabwawa ya Mto Tana, kama Masinga, Gitaru na Kiambere, kazi hiyo hufanywa na maji. Kule Loiyangalani upepo huzungusha mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310. Vyanzo vinatofautiana, lakini mwisho wa kila kimoja ni jambo moja: sumaku inazunguka karibu na koili za shaba.

Kwenye jenereta kubwa sumaku hiyo kwa kawaida si ya kudumu. Ni sumaku ya umeme, ili waendeshaji waweze kuongeza na kupunguza nguvu yake. Yenye jozi moja ya ncha huzunguka mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde, na ndiyo asili ya hesi 50 zilizoandikwa kwenye vifaa vyako. Za mabwawa zina ncha nyingi zaidi, kwa hiyo zinazunguka polepole na kutoa hesi 50 zilezile.

Paneli za sola haziko kwenye hadithi hii. Mwanga husukuma elektroni moja kwa moja ndani ya silikoni, bila kitu kuzunguka. Betri nazo hutegemea kemia.

12. Transfoma ya kwenye nguzo inafanya nini, na kwa nini inanguruma?

Inashusha volteji. Laini ya mtaani huleta volti 11,000 na transfoma huzipunguza hadi 415 kati ya fezi na fezi (nyaya zenye moto), ambazo ni 240 kati ya fezi moja na nyutro (waya wa kurudishia mkondo), zile zinazoingia kwako. Ndani mna koili mbili zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma na kuzamishwa katika mafuta ya kupoza. Hazijaunganishwa kwa waya. Mkondo wa koili ya kwanza hubadilika mwelekeo muda wote, uga ndani ya chuma unapanda na kushuka, na mabadiliko hayo yanazaa umeme kwenye koili ya pili (swali la 7). Koili yenye mizunguko michache hutoa volti chache.

Kwa nini basi ipandishwe mwanzoni ikiwa itashushwa? Kwa sababu ya joto. Ukipandisha volteji mara 10, mkondo unaohitajika kubeba nguvu ileile hushuka mara 10, na nishati inayopotea njiani kama joto hushuka mara 100. Ndiyo maana nyaya zinazopita kwenye minara mikubwa hubeba volti 132,000, 220,000 au 400,000.

Mngurumo unatokana na chuma chenyewe. Kikipitiwa na uga hubadilika urefu kidogo mno, na hufanya hivyo mara 100 kwa sekunde, mara mbili kwa kila mzunguko wa hesi 50. Sauti ya kawaida ni ya chini na haibadiliki. Ukisikia inapasuka, inatoa cheche au mafuta yanachuruzika, kaa mbali na uripoti kwa Kenya Power.

Shaba na mafuta hayo ndiyo yanayovutia wezi. Anayefungua transfoma hushughulika na volti 11,000 zinazoweza kuruka hewani bila hata kuguswa.

13. Kwa nini transfoma haifanyi kazi na betri?

Mkondo wa betri ni wa moja kwa moja, haubadiliki, kwa hiyo uga unasimama palepale na koili ya pili haipati kitu. Inveta ya sola hukatakata mkondo wa betri na kuugeuza mwelekeo kwanza, halafu ndipo transfoma ya ndani inaweza kuupandisha.

Mtu makini atauliza: mbona laini kutoka Ethiopia ni ya mkondo wa moja kwa moja? Ni kweli. Laini ya Wolayta Sodo hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,000 na hubeba volti 500,000 za aina hiyo, kwa sababu kwa umbali mkubwa hasara hupungua na gridi mbili zinaweza kuunganishwa bila kulazimika kwenda pamoja mdundo kwa mdundo. Transfoma ziko kwenye vituo vya ncha zote mbili, pamoja na mitambo ya kubadilisha mkondo. Kati ya Wolayta Sodo na Suswa hakuna kijiji kinachoweza kuchomoa stima katikati ya laini hiyo kwa transfoma ya kawaida, na ndiyo sababu wanaoishi chini yake huona minara ikipita huku wao wako gizani.

14. Kulala karibu na transfoma kutanidhuru?

Uga wake hupungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali. Mwongozo wa kimataifa wa 2010 kuhusu hesi 50 unaweka kikomo cha umma kuwa mikrotesla 200 (nguvu ya uga hupimwa kwa tesla, na mikrotesla ni sehemu yake moja ya milioni), na mita chache kutoka kwenye transfoma ya mtaani kwa kawaida huwa chini ya hapo kwa mbali. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, mwaka 2002 liliweka uga wa aina hii katika kundi la vitu "vinavyowezekana" kusababisha saratani, kwa ushahidi ambalo lenyewe liliuita finyu. Hayo ndiyo yaliyoko mezani.

Kwa maoni yangu, wapangaji wanaogopa kisichofaa. Hatari halisi ni ghorofa iliyojengwa mpaka balkoni ikakaribia nyaya, na kamba ya nguo iliyofungwa kwenye nguzo.

## Jikoni, mfukoni na dukani

15. Kwa nini jiko langu la induksheni linakataa sufuria zangu?

Kwa sababu karibu hakika ni za alumini. Chini ya kioo cha jiko mna koili inayotoa uga unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo huzaa mikondo ndani ya kitako cha sufuria, na mikondo hiyo ndiyo inayopasha. Kioo chenyewe hupata moto kutoka kwenye sufuria. Chuma hufaa kwa sababu huuvuta uga na kina ukinzani wa kutosha kugeuza mkondo kuwa joto. Alumini hupitisha umeme kwa urahisi kupita kiasi, joto linakuwa dogo, na jiko likihisi hivyo linajizima.

Kabla ya kununua sufuria, beba sumaku. Ikishika kitako kwa nguvu, itafanya kazi. Jaribu kitako, si ubavu, maana zipo zilizobandikwa sahani ya chuma chini tu. Sufuria yako nzito ya ugali bado ina kazi kwenye gesi.

16. Sumaku itafuta simu yangu au kadi ya benki?

Picha na namba zako ziko salama: hifadhi ya simu na laini hazitumii sumaku. Kadi ya benki ina sehemu mbili. Chipu haiathiriki. Ule mstari mweusi wa nyuma huandikwa kwa chembe za sumaku, na unaweza kuharibiwa na sumaku kali, kama ya kufungia pochi au mkoba. Diski kuu za zamani za kompyuta, zile zinazozunguka, huhifadhi kwa sumaku, lakini ya friji haiwezi kuzifuta.

Kinachosumbuliwa kweli kwenye simu ni dira. Ndani kuna kihisi kinachopima uga wa dunia, ambao hapa Nairobi ni kama mikrotesla 33 tu. Kava yenye sumaku, spika au bodi ya matatu inatosha kuupotosha. Ramani ikikuelekeza nyuma ya unakokwenda pale Odeon, toa kava, sogea mbali na magari, na uchore namba nane hewani kwa simu.

17. Sumaku inaweza kuniambia kama shaba au dhahabu ni halisi?

Inaweza kukukanya, haiwezi kukuhakikishia. Ikinasa, ndani kuna chuma au nikeli, achana nayo. Isiponasa, hujajua kitu. Waya wa bei nafuu mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na zote mbili hazinaswi. Kwangua kwa kisu uone kama ndani ni nyeupe. Kwa dhahabu hali ni mbaya zaidi, kwa sababu shaba nyeupe na ya njano, risasi na tungsteni zote hupita jaribio la sumaku. Katika mji wenye sifa ya dhahabu bandia kama huu, anayekuvutia sumaku mezani kama ushahidi anakuchezea.

18. Bangili za sumaku hutibu shinikizo la damu? Na sumaku hupunguza mita ya tokeni?

Yote mawili hapana. Damu ina chuma, lakini kimefungwa ndani ya himoglobini kwa namna ambayo sumaku haikivuti kama msumari. Hakuna ushahidi wa kuaminika kwamba bangili hizo hushusha presha. Usiache dawa.

Mita za tokeni ni za elektroniki, na nyingi zina kihisi cha kutambua sumaku kisha zikakata stima. Kuchezea mita ni kosa kisheria.

## Mambo ya pembeni

19. Nimeona video ya jenereta ya sumaku isiyohitaji mafuta. Ninunue?

Usinunue. Kwenye video sumaku zimepangwa kwenye gurudumu, gurudumu linazunguka lenyewe, balbu inawaka. Jiulize nini kitatokea balbu ikiunganishwa kweli. Mkondo utazaa uga unaopinga mzunguko (swali la 7), gurudumu litapungua kasi na kusimama, isipokuwa kuna kitu kinaendelea kulisukuma. Sumaku hailisukumi daima: nishati inayotoa sehemu moja ya mzunguko huidai irudi sehemu nyingine. Mara nyingi betri imefichwa kwenye kitako au waya umepita chini ya meza.

Wapo wanaouza vifaa hivi kwa pesa nyingi kwa watu waliochoka na stima inayopotea. Kwa pesa hizohizo utapata paneli ndogo ya sola na betri, ambazo hutoa umeme kweli.

20. Mtoto amemeza sumaku. Nifanye nini?

Nenda hospitali sasa hivi, hata kama hana maumivu. Mweleze daktari ni ngapi unadhani amemeza. Sumaku mbili, au sumaku na kipande cha chuma, zinaweza kuvutana kutoka sehemu tofauti za utumbo, zikabana ukuta katikati na kuutoboa. Usisubiri zitoke kwa choo.

21. Kwa nini wanakuvua kila kitu kabla ya MRI, ile picha ya ndani ya mwili?

Uga wa mashine nyingi za MRI ni tesla 1.5, zaidi ya mara 40,000 ya ule wa dunia hapa Nairobi. Mtungi wa oksijeni unaweza kuruka na kuua. Tena sumaku hiyo haizimwi jioni: koili yake hupozwa kwa heliamu hadi karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, mkondo ukazunguka ndani bila ukinzani, kwa hiyo ipo kazini hata stima ikipotea. Mwenye kifaa cha moyo au vipande vya chuma mwilini aseme mapema.

22. Shaba hainaswi, mbona sumaku huanguka polepole ndani ya bomba la shaba?

Kwa sababu inasogea. Sumaku ya neodimi ikidondoka ndani ya bomba, kila sehemu ya shaba inayoipita inaona uga ukibadilika, mikondo inazaliwa ukutani na kuipinga. Ingawa haigusi ukuta, inateremka kama imetiwa asali. Bomba nene la alumini hufanya vilevile. Ukiliacha bomba na sumaku vimetulia, hakuna kitu.

23. Dira yangu kutoka ng'ambo inakwama upande mmoja. Imeharibika?

Pengine haijaharibika. Uga wa dunia hauendi sambamba na ardhi kila mahali. Ulaya huinama kuingia chini, kwa hiyo ncha ya kaskazini ya sindano huvutwa chini, na watengenezaji huongeza uzito kidogo upande wa kusini ili kuisawazisha. Nairobi iko karibu na ikweta ya ramani, lakini ikweta ya sumaku iko kaskazini zaidi, ikipita Ethiopia. Sisi tuko kusini yake, na hapa uga huchomoza kutoka ardhini kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 20. Ncha ya kusini inavutwa chini, na tayari ina ule uzito wa ziada wa Ulaya, basi inakwaruza kitako.

Unaponunua, uliza kama imesawazishwa kwa ukanda huu. Ukiwa tayari unayo, inamishe kidogo mpaka sindano iachie, kisha soma. Kwa upande wa mwelekeo hatuna shida kubwa: hapa kaskazini ya dira na kaskazini ya ramani karibu zinalingana.